Kuteremka korongo la Ruaha Mkuu kwa boti ya mpira: mwongozo kwa timu yenye uzoefu

Ruaha Mkuu ukishatoka Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, hauna tena sura ya mto wa tambarare. Bwawa la Mtera likijaa, maji yake yako mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Bwawa la Kidatu, lililo chini zaidi kwenye mto huo huo, likijaa yako mita 450. Karibu mita 250 hizo mto unazimaliza katikati ya mawe, mibuyu na vichaka vya miiba, mahali ambapo vijiji ni vya kuhesabu na gari halifiki sehemu nyingi.

Mwongozo huu ni wa watu ambao tayari wanaongoza boti peke yao kwenye maji ya daraja la 4 (ukali wa maporomoko hupangwa kutoka 1 hadi 6). Kama hujafika hapo, nenda Jinja kwenye Nile au Sagana kule Kenya, ukajifunze kwa watu ambao hiyo ndiyo kazi yao. Ila Jinja isikudanganye. Kule maji ni mengi na vina ni virefu: ukianguka unapigwa na wimbi, unaibuka, boti inakuokota. Kwenye mto mwembamba wenye mteremko na mawe, poromoko moja linakutupa kwenye linalofuata kabla hujapata pumzi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo yanayofanyika mkiwa mmesimama juu ya mwamba, si ndani ya boti.

Kuhesabu mteremko

Kipimo cha kwanza ni mita ambazo mto unashuka kwa kila kilomita. Chukua ramani ya mistari ya mwinuko yenye kipimo cha 1:50,000, tia alama kila mstari unapokata mto, kisha pima umbali wa mto wenyewe kwa uzi, pamoja na kona zake zote. Mistari miwili yenye tofauti ya mita 20 ikiwa imeachana kilomita mbili, mteremko ni mita 10 kwa kilomita.

Kwa boti ya mpira, chini ya mita 5 kwa kilomita ni mto wa kawaida. Mita 10 ni kazi. Mita 20 ni kazi ya timu iliyozoeana, kwa boti ndogo na maji ya wastani. Zaidi ya hapo, sehemu nyingi utabeba boti begani kuliko itakavyokubeba wewe.

Usiridhike na wastani. Wastani wa kutoka Mtera hadi Kidatu hauonekani kuwa wa kutisha, na humo ndimo mtego ulimo: mto unaweza kwenda tambarare kilomita nyingi, ukashusha mita 30 ndani ya kilomita moja. Gawanya njia yote vipande vya kilomita moja moja, andika mteremko wa kila kipande, kisha fungua picha za setilaiti uvipitie vilivyo vikali. Maji meupe yanaonekana. Visivyoonekana ni mwamba uliolika chini, mti uliolala majini, na mahali maji yanapopotelea chini ya mawe yakatokea mbele. Hivyo vitatu ndivyo vinavyoua, na utaviona kwa macho tu, ukiwa umesimama pembeni.

Kwenye ramani hiyo hiyo tia alama njia za kutokea kwa miguu: kijito kinachopandika, njia ya mifugo, kijiji kilicho karibu. Kwa kila kipande jibu swali moja: mtu akivunjika mguu hapa, tunambeba kuelekea wapi na kwa saa ngapi? Kipande kisicho na jibu, punguza daraja moja la kile ambacho mngekubali kupita. Poromoko la daraja la 4 kwenye korongo lisilo na njia ya kutokea lichukulieni kama la 5.

Maji yanatoka wapi

Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Tangu 1993 Ruaha umekuwa ukikauka sehemu ya kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, juu ya Mtera. Kwa hiyo maji utakayokuta chini ya bwawa wakati wa kiangazi ni yale yaliyohifadhiwa na kuachiwa, na yanaachiwa kwa ajili ya umeme. Mitambo ya Mtera, megawati 80, iko chini ya ardhi na maji yake hurudi mtoni kupitia handaki refu. Ndiyo maana unaweza kusimama pale barabara ya Dodoma hadi Iringa inapopita bwawani, ukatazama chini ya ukuta ukaona mawe makavu, ukadhani mto umekufa, kumbe maji yako mbele. Kinyume chake pia hutokea: milango ya ukuta ikifunguliwa, mawe hayo hayo yanafunikwa.

Kabla ya kupanga tarehe, ulizeni TANESCO kuhusu ratiba ya kuachia maji, na Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ofisi zake ziko Iringa, kuhusu hali ya mto. Fuatilieni pia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA), hasa wa upande wa milima ya Udzungwa. Mvua ikinyesha kule, mto Lukosi unaoingia Ruaha unajaa huku ninyi mkiwa chini ya jua kali mnajisifu kwa hali nzuri ya hewa.

Mkifika, pimeni wenyewe. Tafuteni sehemu iliyonyooka isiyo na mawe mengi. Pimeni upana, pimeni kina mahali pasipopungua patano kwa fimbo au kamba yenye jiwe mkichukua wastani, kisha tupeni kijiti na kuhesabu sekunde kinazotumia kusafiri mita 20. Zidisha upana kwa kina kwa kasi, halafu kwa 0.85, maana maji ya juu yanakimbia kuliko ya chini. Upana wa mita 20, kina cha mita 1.5, kasi ya mita 1.2 kwa sekunde: zinakuja kama mita za ujazo 30 kwa sekunde. Andikeni. Kila asubuhi na kila jioni chomekeni kijiti ukingoni mwa maji. Kikizama au kikibaki nchi kavu, mto wa leo si ule mliokagua jana, na hesabu inaanza upya.

Kipimo kimoja cha kurudi nyumbani: maji yakiwa ya kahawia nzito, yanabeba matawi na mapovu, na bado yanapanda, msiingie. Magogo yanayoelea hayana breki.

Boti, kamba na vyuma

Urefu wa mita 3.6 hadi 4 unatosha, yenye sakafu inayojimwaga maji yenyewe. Boti kubwa zaidi hainyumbuki kati ya mawe, ndogo zaidi haibebi mzigo wa siku kadhaa. Weka wapiga kafi wanne na nahodha. Boti ziwe mbili kwa uchache, na kayaki (mitumbwi midogo ya mtu mmoja) moja au mbili za uokoaji zinazotangulia. Boti moja peke yake kwenye korongo ni kujitafutia msiba: ikinasa, wote mmenasa.

Ujazaji wa upepo una utaratibu. Jaza vyumba vyote kwa zamu hadi vishike umbo tu, kisha zungukia tena kuvikaza. Ukikaza kimoja huku jirani yake ni mtupu, ukuta wa ndani unaotenganisha vyumba unaweza kupasuka, na huo hauzibiki mtoni. Lengo ni kati ya 0.14 na 0.17 ya bar kwenye mirija ya pembeni. Jua la Mtera ndilo adui hapa. Boti iliyokazwa asubuhi ikiachwa juu ya mwamba saa sita mchana, hewa inatanuka na mishono inaachia. Mkiipandisha nchi kavu wakati wa kula, punguzeni upepo kidogo. Mkirudi majini subirini dakika kumi ipoe, mkaze tena.

Kamba ya kuzunguka boti ikazwe ikae bapa. Ikilegea inakamata mguu.

Kila mtu avae jaketi okozi la kiwango cha mito mikali, lenye nguvu ya kuelea isiyopungua nyutoni 70, na kwa maji makubwa afadhali 100. Majaketi ya rangi ya chungwa ya kwenye vivuko yanamvuka mtu kichwani akiingia kwenye shimo la maji. Lipimeni hivi: mwenzako ashike mabega ya jaketi ayavute juu kwa nguvu, likipanda kufika masikioni, kaza mikanda au tafuta jingine. Ongeza helmeti inayofunika masikio, viatu vya kufunga kamba (si kandambili za mpira), kisu kifuani upande ambao mikono yote miwili inafika, na filimbi isiyo na gololi.

Vya uokoaji, kwa kila boti: mfuko wa kamba ya kurusha kwa kila mtu, mita 15 hadi 20 za kamba inayoelea, kamba moja isiyotanuka ya milimita 10 au 11, mita 60, kapi nne, karabina (pete za chuma zinazofunguka) za kufungwa kwa skurubu zisizopungua nane, vitanzi vinne vya kamba ya milimita 6 kwa ajili ya fundo la prusiki (linalozungushiwa kamba nyingine na kuibana likivutwa), mikanda mitatu ya nailoni ya mita 5, na msumeno wa kukunja. Kamba za sokoni ni nzuri kwa kufungia mzigo kwenye gari, na zibaki huko huko. Ya katani ikilowa inakuwa nzito na inazama. Ya nailoni ya bei rahisi inatanuka, na ikikatika inarudi na kasi ya kuvunja mbavu.

Amri

Mto ukiwa mkali, sauti husikika nusu. Amri ziwe chache na fupi: "Mbele!", "Nyuma!", "Acha!", "Kushoto nyuma!", "Kulia nyuma!", "Chini!" na "Juu!". "Chini" maana yake wote wanateremka sakafuni wameshika kamba, makafi yakiwa wima. "Juu" ndiyo amri inayookoa boti, na ndiyo watu wanaoikosea, kwa sababu inakwenda kinyume na silika. Boti ikigonga mwamba kwa ubavu, mwili unataka kuukimbia mwamba. Amri inataka wote waukimbilie, wajitupe juu ya mrija ulioegemea mwamba. Uzito ukibaki upande wa juu ya mto, maji yanaupanda mrija wa upande huo, yanauzamisha, na ndani ya sekunde mbili tatu boti imejikunja kwenye mwamba. Fanyeni zoezi hili mara ishirini kwenye maji tulivu mpaka hakuna anayefikiri.

Kushoto na kulia ni kwa anayetazama maji yaendako, hata kama wewe umegeuka. Kwa mikono: daima onyesha njia salama, usionyeshe hatari. Mtu anayezama akiona kidole, atakwenda kinakoelekea. Filimbi moja ni "nitazame", tatu ni dharura.

Kukagua poromoko

Kanuni haina mjadala: msipoona mwisho wa poromoko na mahali pa kusimama kabla yake, mnasimama sasa. Kwenye mteremko mkali ishara ya kusimama ni mstari wa upeo, pale mto unapokatika machoni na kubaki vilele vya miti ya mbele. Ukiona hivyo na husikii ngurumo, usifurahi. Mwamba huficha sauti.

Anza kukagua kutoka chini kwenda juu. Watu wengi hufanya kinyume, wanaanza kwa kupenda mlango wa kuingilia na wakishaupenda wanatafuta sababu za kupita. Teremka hadi mwisho wa poromoko, uulize: mtu akitoka hapa bila boti, anakwenda wapi? Kama ni kwenye maji tulivu marefu, endelea kukagua. Kama ni kwenye mwamba uliolika chini, mti, au poromoko jingine, jibu limeshapatikana, bebeni boti. Baada ya hapo panda ukiangalia hatari moja moja, kisha njia, na mwisho kabisa mlango.

Mashimo ya maji yanataka macho makini. Maji yanapoanguka juu ya mwamba, ya juu hurudi nyuma kuelekea mwamba. Tazama pembe za shimo. Zikielekea chini ya mto, shimo linatema: mtu au boti ikisukumwa pembeni itatoka. Pembe zikielekea juu ya mto, au shimo likiwa limenyooka ukingo hadi ukingo kama lililochorwa kwa rula, linashika. Tupa gogo juu yake uhesabu. Likikaa linazunguka zaidi ya sekunde kumi, hapo si pa kupita. Mwamba nao una ishara yake: maji yakigonga na kurudisha mto wa povu mbele yake, mwamba ni mzima na povu hilo litaisukuma boti. Maji yakiufikia mwamba na kupotea kimya bila kurudi, yanapita chini yake. Kaa mbali.

Nahodha aseme njia yake kwa sauti, wote wakisikia, kwa alama za mawe: "naingia kushoto kwa jiwe jeupe, makafi matatu kulia, napita mgongoni mwa wimbi la pili, nasimama nyuma ya mwamba mrefu." Halafu ateremke hadi usawa wa maji akatazame tena kutoka pale boti itakapokuwa, maana kutoka juu ya ukingo mawimbi ya mita mbili huonekana kama ya nusu. Mpiga kafi yeyote akisema hapiti, hapiti, na haulizwi mara ya pili. Timu inayomtania mtu aliyechagua kutembea itakuja kupoteza mtu.

Sasa pangeni walinzi. Warushaji kamba wawili chini ya poromoko, mmoja mbele ya mwenzake kwa mita 15 au zaidi, ili wa kwanza akikosa yupo wa pili. Mahali pa kusimama hapachaguliwi kwa sababu kuna nafasi ya kurushia; chagua kwa kuangalia mtu aliyeshika kamba atapelekwa wapi. Kamba itambembeza hadi ukingoni, na ukingo huo uwe na maji tulivu. Mtu akienda mita 4 kwa sekunde, kamba ya mita 20 una sekunde tano za kuitumia. Mwite jina kwanza, akutazame, kisha rusha ivuke kichwa chake. Mrushaji asijifunge kamba kiunoni wala kuizungusha mkononi, hata akiwa na misuli ya kubeba gunia.

Kupita

Ukishasukuma boti, kazi ni pembe na kasi. Ingia ukiwa umeelekeza pua kule unakotaka kutoka, si kule maji yanakokupeleka, na uwe na kasi tofauti na ya maji, iwe zaidi au pungufu. Boti inayokwenda sawa na maji haina usukani. Kwenye mawe mengi kasi pungufu hufaa zaidi: piga nyuma, pua ikitazama hatari, telezesha boti upande. Shimo lisilokwepeka liingie kwa pua iliyonyooka, kafi la mbele likizama ng'ambo ya povu, wote wakipiga hadi boti itoke. Kosa la kawaida ni kuacha kupiga pale wimbi linapowafunika uso.

Boti moja ipite, isimame, itoe ishara, ndipo nyingine iingie. Mbili zisiwe kwenye poromoko moja wakati mmoja.

Boti ikinasa kwenye mwamba

Hesabu watu kwanza, kwa majina. Kisha mlinzi mmoja juu ya mto kuzuia boti ya pili na kutazama magogo, warushaji wawili chini. Hapo ndipo mnafikiria boti.

Simameni dakika chache muangalie maji yanaisukuma wapi zaidi. Boti iliyonasa ina pande mbili, na mara zote kuna mmoja ambao maji yake ni machache. Huo ndio wa kuvuta, ili mto wenyewe umalizie kwa kusukuma ule mzito. Kuvuta upande mzito ni kupigana na tani kadhaa za maji. Kabla ya kamba jaribuni bure: watu wakihama wote upande mmoja na kurukaruka, mara nyingi boti huachia. Ikigoma, punguzeni upepo wa chumba kimoja upande unaotaka uteleze. Sakafu iliyofungwa kwa kamba inaweza kukatwa kamba hizo, na maji yapite katikati.

Kamba ya kuvutia isifungwe kwenye pete moja ya boti. Pete hung'oka. Zungushia mkanda kwenye mrija na kiti cha kati, au unganisha pete tatu ili zigawane mzigo. Ukingoni tafuteni nanga: mwamba mzima usiotikisika ndio bora. Mbuyu unafaa ukiwa hai na shina limejaa. Zungushia mkanda chini kabisa, mara mbili, kwa sababu mti wenyewe ni laini na kamba nyembamba itazama kwenye gome. Mbuyu mzee wenye tundu achana nao, na vichaka vya miiba vina mizizi mifupi. Nanga mbili zikiunganishwa, pembe kati ya mikanda isizidi nyuzi 60. Ikifika 120, kila mkanda unabeba mzigo wote badala ya nusu.

Mtambo wa kuvuta wa tatu kwa moja unajengwa hivi. Kamba itoke botini ije kwenye kapi iliyofungwa kwenye nanga. Igeuke, irudi kuelekea mtoni, ipite kwenye kapi ya pili. Kapi hiyo ya pili inashikiliwa na kitanzi cha prusiki, mizunguko mitatu, kilichofungwa kwenye kamba ile ile inayokwenda botini. Kutoka hapo vutieni kuelekea upande wa nanga. Prusiki nyingine iwe karibu na nanga kama breki: mkipumzika inashika, mkivuta kuna mtu anaizuia isiingie kwenye kapi. Kapi ya pili ikiifikia nanga, breki ishike, sukuma prusiki ya kwanza mbele tena, muendelee. Kila mita tatu mnazovuta, boti inakuja moja.

Tatu kwa moja ni ya kwenye karatasi. Kwa kapi nzuri zinazopitisha asilimia 90 ya nguvu mnapata kama 2.7. Mkitumia karabina badala ya kapi, ambazo hula karibu nusu ya nguvu kwa msuguano, mnabaki na 1.75, na watu wanashangaa mbona boti haiendi. Watu watano wanatosha. Wakiwa kumi na bado haitoki, acheni kuvuta, badilisheni pembe. Tundikeni jaketi lililolowa katikati ya kamba ili ikikatika isiruke, na mtu asisimame ndani ya pembe inayofanywa na kamba. Visu viwe tayari.

Mtu majini

Anayeanguka alale chali, miguu mbele na juu, makalio yameinuliwa, hadi aone nafasi. Akiiona ageuke aogelee kwa nguvu kuelekea maji tulivu. Asisimame mahali maji yanakimbia na yamevuka magoti: mguu ukinasa kati ya mawe mawili, maji yanamlaza kifudifudi, na huo ni mlango wa kifo kwenye kina ambacho mtoto angesimama. Kwenye mti uliolala majini mambo yanageuka. Hapo anaogelea kichwa mbele, kwa kasi, apande juu ya gogo kifua kwanza.

Aliyetolewa hapumui, mpe pumzi tano kwanza, kisha mikandamizo 30 ya kifua kwa pumzi 2. Tatizo lake ni hewa, si moyo. Akizinduka na kusema yuko sawa, bado anatolewa mtoni na kupelekwa hospitali, kwa sababu mapafu yanaweza kuzidiwa saa kadhaa baadaye. Namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji na 112 zinahitaji mtandao, na korongoni usiutarajie. Bebeni kifaa cha setilaiti, kikae ndani ya jaketi la mtu. Kilichofungwa kwenye boti kitaondoka na boti.

Viboko, mamba na kambi

Hapa ndipo Ruaha unapoachana na mito ya milimani. Maporomoko makali hayana wanyama wengi. Hatari iko kwenye vina vitulivu kati ya poromoko na poromoko, pale ambapo kila mtu anataka kupumzika. Kiboko akishtuka hukimbilia kina. Kwa hiyo pita upande wa maji mafupi, usikae kati yake na kina, na gonga mrija kwa kafi mkiwa bado mbali ili wainue vichwa mjue walipo. Kwenye maji tulivu hakuna kuogelea, hakuna mguu nje ya boti, na kayaki ziende ubavuni mwa boti. Wavuvi wa Mtera wanajua vina vya mamba kuliko kifaa chochote. Pitieni kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji mkiwa na barua, mjitambulishe, mkae muulize. Mzee atakayewaambia "hapo wanangu msipite jioni" ana sababu zake.

Panga kilomita 5 hadi 8 kwa siku, si zaidi. Ingieni majini saa moja na nusu asubuhi, muwe nje saa kumi jioni. Kambi iwe mita tatu au zaidi juu ya usawa wa maji, mbali na vijia vipana vilivyokanyagwa vinavyoshuka mtoni, maana hivyo ni vya viboko na usiku wanavitumia. Boti zipandishwe na kufungwa, hata kama mto umelala. Maji ya kunywa ni lita 4 hadi 6 kwa mtu kwa siku; yaacheni yatulie kwenye ndoo hadi tope lishuke, yachujwe kwa kitambaa, kisha yachemshwe au yatiwe vidonge vya klorini. Klorini kwenye maji ya tope haifanyi kazi yake.

Mwisho wa safari upangwe kabla ya mwanzo. Ruaha Mbuyuni, karibu na mto Lukosi unapoingia, kuna barabara kuu ya Iringa na Morogoro, na gari linaweza kuwasubiri. Aliyebaki na gari apewe saa ya mwisho kwa maandishi: ikipita bila habari, anapiga simu, hasubiri "labda wanakuja". Mkishatoka, suuzeni kamba kwa maji safi na kuzianika kivulini. Wiki sita hadi nane baadaye wote mkapime kichocho, hata asiye na dalili.